Kansa ya Titi Inapozoea Dawa

(Mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo na majirani zao waliofika darasani.)

Ndugu zetu wanakisomo, leo tunaanza na kupe. Ninyi mnaofuga mnaijua habari hii kuliko sisi. Josho likitiwa dawa mpya, kupe hufa karibu wote, na kila mtu hufurahi. Lakini wachache hubaki. Hao wachache hawafi kwa dawa ile kwa sababu maumbile yao yana tofauti kidogo. Wanazaa, na watoto wao wanarithi tofauti ile. Baada ya miaka kadhaa ng'ombe anatoka joshoni amelowa chapachapa, na kupe wamemng'ang'ania masikioni kana kwamba walikwenda kuoga naye.

Tena mnaikumbuka klorokwini. Wazee hapa walimeza vidonge vile vichungu na homa ikaondoka. Baadaye ikawa mtu anameza, anawashwa mwili mzima, na homa iko palepale. Mwaka 2001 serikali yetu iliacha kuitumia klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria, ikaweka SP. Mwishoni mwa mwaka 2006 tukahamia dawa mseto. Je, kuna mtu aliyeiroga klorokwini? Hakuna. Vijidudu vya malaria viliizoea.

Jambo la namna hii huitwa usugu. Leo tunazungumza juu ya usugu wa kansa ya titi, yaani saratani, kwa dawa za homoni. Tumelichagua somo hili kwa sababu juma lililopita, tulipomaliza kusoma habari ya kansa, mama mmoja alibaki nyuma akatuuliza hivi: "Dada yangu amemeza vidonge miaka mitatu, uvimbe ukanyamaza. Sasa maumivu yamehamia mgongoni, na hospitali wanasema ugonjwa umezoea dawa. Ndugu wengine wanasema amelogwa, arudishwe nyumbani. Tufanyeje?" Swali hili si dogo. Jibu lake ndilo litakaloamua kama mgonjwa huyo atapanda basi kurudi hospitali au atalazwa ndani akisubiri.

Basi tuanze kwenye shina. Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana, zisizoonekana kwa macho. Kansa ni chembe zilizoacha utii: zinajigawa na kuzaana bila mpango. Homoni nazo ni kama wajumbe. Zinatengenezwa mahali pamoja, zinasafiri katika damu, na kupeleka amri mahali pengine. Homoni iitwayo estrojeni ndiyo inayomfanya msichana aote matiti na apate siku zake. Kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi, estrojeni nyingi hutoka katika ovari, yaani vile viungo viwili vya mayai vilivyo tumboni. Akishakoma hedhi, kiasi kidogo huendelea kutengenezwa, hasa katika mafuta ya mwili.

Tuseme kila chembe ni nyumba. Estrojeni ni ufunguo. Chembe nyingi za titi zina kitasa kinachopokea ufunguo huo, na wataalamu hukiita kipokezi. Ufunguo ukiingia, amri inatolewa: kua, jigawe. Katika wagonjwa 100 wa kansa ya titi duniani, kama 70 hivi kansa yao ina vitasa vya namna hii. Hao ndio wanaofaa kupewa dawa za homoni. Wale wengine 30 wana kansa isiyo na kitasa, nao hutibiwa kwa njia nyingine. Kwa hiyo si ajabu jirani mmoja akapewa vidonge na mwingine asipewe. Wala si upendeleo.

Watu walilijuaje jambo hili? Hapa wafugaji wanaingia tena. Daktari mmoja wa Uskochi, George Beatson, alisoma kwamba katika nchi fulani wakulima huwaondoa ng'ombe ovari baada ya kuzaa ili maziwa yaendelee kutoka kwa muda mrefu. Akajiuliza: kumbe ovari zina mamlaka juu ya matiti? Mwaka 1895, mjini Glasgow, alimpasua mwanamke mwenye kansa ya titi iliyokwisha kusambaa, akamtoa ovari. Kansa ikanywea. Mwaka 1896 alitangaza habari hiyo katika gazeti la madaktari. Wakati huo hata neno homoni lilikuwa halijatungwa! Lakini mwanamke yule hakupona kabisa. Baada ya miaka michache kansa ilirudi, akafa. Mnaona? Siku ileile dawa ya homoni ilipozaliwa, usugu nao ulikuwa umekwisha kupiga hodi.

Kitasa chenyewe kilionekana baadaye. Elwood Jensen, mtaalamu wa Chicago, Marekani, ndiye aliyeonyesha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba estrojeni hung'ang'ania katika viungo fulani tu, kwa kuwa huko kuna kitu cha kuipokea. Halafu ikaja dawa ya tamoksifeni. Ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 na mama mmoja mkemia, Dora Richardson. Cha kuchekesha ni kwamba ilikusudiwa kuzuia mimba. Katika panya ilizuia. Kwa wanawake haikuzuia. Tena iliweza kulisaidia yai litoke! Ingeweza kutupwa. Lakini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kansa ya titi, na mwaka 1973 Uingereza ikaruhusu itumike kwa ugonjwa huo. Tangu siku hiyo imeokoa watu wengi mno. Watafiti wa Oxford waliounganisha matokeo ya majaribio mengi, mwaka 2011, walionyesha kwamba mwanamke mwenye kansa ya namna hii, aliyeanza matibabu mapema na kumeza tamoksifeni miaka 5, hatari yake ya kufa kwa kansa hiyo katika miaka 15 hupungua kwa theluthi moja hivi. Kwa kidonge kimoja kwa siku.

Sasa tufike kwenye kitasa na mwizi. Tamoksifeni inafanya nini? Ni kama kijiti kilichosokomezwa katika tundu la ufunguo. Ufunguo wa kweli ukija, hauingii. Dawa nyingine, kama anastrozoli, letrozoli na eksemestani, zinamwendea mhunzi anayefua funguo, zinamzuia kazi. Lakini hizo zinamweza yule mhunzi mdogo wa kwenye mafuta. Mhunzi mkubwa wa kwenye ovari haziwezi. Ndiyo maana mwanamke ambaye bado anaona siku zake hapewi dawa hizo peke yake. Sharti ovari zinyamazishwe kwanza, kwa sindano au kwa kupasuliwa. Na kuna sindano ya fulvestranti, iliyoanza kuruhusiwa Marekani mwaka 2002, ambayo hung'oa kitasa chenyewe. Hupigwa matakoni kila mwezi.

Njia zote hizo ni nzuri, lakini kansa ina chembe nyingi kupita hesabu, na hazifanani zote. Kama kupe wale, zile zinazokubali dawa hufa au hulala, na zile zenye tofauti hubaki zikizaana. Baadhi ya chembe huharibika kitasa kwa namna ya ajabu: mlango unabaki wazi hata bila ufunguo. Hapo hata ukimfunga mhunzi miaka kumi, hufui dafu. Mabadiliko haya yalieleweka vizuri kuanzia mwaka 2013. Ni nadra kuyakuta katika kansa ambayo haijatibiwa, lakini kwa wagonjwa waliokwisha kutumia dawa za kumzuia mhunzi na kansa ikaendelea, hupatikana kwa watu kati ya 20 na 40 katika kila 100. Chembe nyingine huuacha mlango na kupita dirishani, maana yake zinapata amri ya kukua kwa njia nyingine kabisa. Na nyingine hupoteza kitasa, zikawa hazina haja tena na estrojeni.

Hapa tusimame kidogo, maana kuna jambo linalotusumbua. Watu wengi wakisikia "dawa imezoeleka" hudhani ni mwili wa mgonjwa uliozoea. Basi mmoja anaacha dawa ati mwili upumzike. Mwingine anameza vidonge viwili badala ya kimoja. Yote mawili si sawa. Kilichozoea ni kansa, wala si mwili. Na kijiti kikishindwa kuziba tundu, kusokomeza kijiti cha pili hakusaidii. Sisi kwa maoni yetu, maneno hayo mawili, "dawa imezoeleka", hayafai kuambiwa mgonjwa amesimama mlangoni na kadi mkononi. Anahitaji kiti, na mtu wa kumweleza.

Tena kabla ya kusema kansa imekuwa sugu, kuna swali la kwanza. Je, dawa ilimezwa? Tusikasirike. Hata katika nchi tajiri, ambako dawa iko duka la jirani, wanawake wengi huacha vidonge hivi kabla ya miaka 5 kutimia. Na sababu zao ni za kweli. Joto linapanda mwilini ghafla, usiku mtu anaamka amelowa jasho. Zile dawa za mhunzi huleta maumivu ya viungo, vidole vinakakamaa asubuhi, na mifupa hupungua nguvu. Mwanamke anajiona mzima, titi limekwisha pona, kidonge kinamletea taabu tu. Mume naye anauliza mbona mwenzangu amebadilika. Na nauli ya kwenda kuchukua dawa ni pesa ya mbolea. Basi kidonge kinarukwa leo, kesho, halafu mwezi mzima. Kansa ikirudi, si usugu. Ni mlango ulioachwa bila kijiti. Dawa ileile ikirudishwa inaweza kufaa tena. Kwa hiyo mgonjwa akiulizwa na daktari, aseme kweli. Na sisi jamaa zake tusimfanye aone haya kusema kweli.

Joto na maumivu yale yana namna ya kupunguzwa. Daktari anaweza kubadili dawa moja kwa nyingine ya jamii ileile. Linalokatazwa ni kukaa kimya na kuacha. Lakini mambo mawili yasisubiri siku ya kliniki. Mwanamke anayemeza tamoksifeni akitokwa damu ukeni isivyo kawaida, hasa aliyekwisha koma hedhi, aende hospitali, kwa sababu dawa hii huziba kitasa katika titi lakini katika mji wa mimba inaweza kufanya kazi kama ufunguo. Vilevile mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, huenda damu imeganda katika mshipa. Na mwenye mimba asiimeze.

Kuna na habari ya dawa kugombana. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, ile inayofanya mkojo uwe mwekundu, hupunguza sana tamoksifeni katika damu. Hatusemi mtu aache dawa ya kifua kikuu, la hasha! Tunasema daktari wa kansa aambiwe, na wa kifua kikuu aambiwe. Mitishamba nayo itajwe. Mtu akinywa mizizi asifiche, kwa sababu daktari hawezi kuhesabu kitu asichokijua.

Jambo jingine dogo: si kila maumivu ni usugu. Mgonjwa ambaye kansa yake imefika mifupani, akianza tamoksifeni, katika majuma ya kwanza maumivu yanaweza kuzidi kabla ya kupungua. Wapo walioitupa dawa juma la pili kwa sababu hiyo.

Haya, tuseme dawa ilimezwa vizuri, na kansa kweli imezoea. Je, ndio mwisho? Hapana, na hii ndiyo habari tuliyotaka ifike katika kila nyumba. Kwanza, inapowezekana, daktari hukata tena kinyama kidogo pale kansa ilipohamia, aone kama vitasa bado vipo. Kansa ya mwaka huu inaweza kuwa si sawa na ile ya miaka mitatu iliyopita. Vitasa vikiwapo, hubadilisha njia: aliyekuwa na kijiti anapelekewa mhunzi, aliyekuwa kwa mhunzi anang'olewa kitasa. Kupe wa dawa moja huweza kufa kwa nyingine.

Pili, wataalamu wamegundua dawa zinazotembea bega kwa bega na hizi za homoni. Fikirini mashine ya kusaga ya hapa kijijini. Injini inaweza kuwashwa na mwenye mashine, au na kijana wake, au na mwizi aliyepita dirishani. Lakini aliyeiwasha awe nani, mkanda ndio unaozungusha mawe. Ukiutoa mkanda, injini inanguruma bure. Ndani ya chembe pia kuna mkanda unaozungusha kazi ya kujigawa. Waliofumbua mambo ya mzunguko huo, Leland Hartwell wa Marekani na Paul Nurse na Tim Hunt wa Uingereza, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Na kazi yao, msishangae, walianzia kwenye hamira na mayai ya wanyama wa baharini. Dawa za kutoa mkanda ni palbosiklibu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2015, halafu ribosiklibu na abemasiklibu mwaka 2017. Katika jaribio moja la wanawake 672 ambao walikuwa hawajakoma hedhi na kansa yao ilikuwa imesambaa, matokeo yalitolewa mwaka 2019. Baada ya miezi 42, kati ya kila 100 waliopata ribosiklibu pamoja na dawa ya homoni, 70 walikuwa hai. Waliopata dawa ya homoni bila ribosiklibu, walikuwa 46. Hesabuni wenyewe tofauti hiyo.

Kuna na dawa za kuziba madirisha, kama everolimasi na alpelisibu. Hii ya pili hupandisha sukari katika damu, kwa hiyo mgonjwa hupimwa mara kwa mara. Na mwaka 2023 Marekani iliruhusu kidonge cha elasestranti, kwa ajili ya wale ambao kitasa chao kimeharibika mlango ukabaki wazi.

Tunasikia mnanong'ona huko nyuma: bei! Ni kweli. Dawa hizi mpya ni ghali, na mkulima hawezi kuziweka mfukoni kwa gunia la mahindi. Hatutawadanganya. Lakini msidhani kwamba bila hizo hakuna kitu. Tamoksifeni na anastrozoli zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ni za bei ndogo ukilinganisha na hizo. Na ile njia ya zamani ya Beatson haijafa. Katika Vietnam na Uchina, nchi za wakulima kama sisi, kulifanywa jaribio la wanawake 709 ambao walikuwa hawajakoma hedhi. Nusu walitolewa ovari na kupewa tamoksifeni mara tu baada ya kupasuliwa titi. Nusu wengine walisubiri, wapewe iwapo kansa itarudi. Baada ya miaka 5, katika wale wa kwanza 75 kwa kila 100 walikuwa hawajarudiwa na kansa. Katika wale waliosubiri ni 58. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2002. Kupasuliwa mara moja kunaweza kufanya kazi ya sindano za miaka mingi. Bila shaka mwanamke akitolewa ovari hazai tena, kwa hiyo aamue yeye, ameelezwa vizuri, wala asiamuliwe na baraza la wajomba.

Maswali machache tuliyoulizwa. Mzee mmoja aliuliza kama wanaume wanahusika. Wanahusika, mzee wetu. Katika wagonjwa 100 wa kansa ya titi, mmoja hivi ni mwanamume, na kansa za wanaume nyingi sana zina vitasa. Tamoksifeni ni dawa yao pia. Kijana mmoja aliuliza kama kansa iliyozoea dawa inaweza kumwambukiza mtu mwingine, kama kupe wanavyohama ng'ombe. Haiambukizi. Mlieni chakula pamoja, mlaleni naye nyumba moja. Na mama mmoja aliuliza kama mgonjwa akishazoeleka na dawa anaweza kumpa jirani vidonge vilivyobaki. Asimpe. Hajui kama kansa ya jirani ina kitasa.

Kuhusu mahali pa kwenda: anzeni zahanati au kituo cha afya, mpewe barua. Kansa hutibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na pia Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi. Anayeambiwa dawa imezoeleka asirudi nyumbani bila kuuliza maneno haya matatu: kansa imefika wapi, vitasa bado vipo, na dawa inayofuata ni ipi.

Sasa chukueni daftari. Karatasi ya majibu ya kile kinyama kilichokatwa mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, lakini ninyi herufi mnazijua. Tafuteni herufi ER na PR. Mbele yake kukiwa na alama ya kujumlisha, au neno linaloanza na P, vitasa vipo. Kukiwa na alama ya kutoa, au neno linaloanza na N, havipo. Kuna na HER2. Hilo ni dirisha mojawapo, nalo lina dawa zake. Karatasi hiyo isifungiwe sukari wala isitumiwe kuwashia moto. Itieni katika mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki, muitundike juu, mchwa na mvua visiifikie, na kila safari ya hospitali iende nayo. Ubao ni huu. Mama uliye karibu na mlango, njoo utuandikie ER na alama ya kujumlisha, wengine wafuate.